Mkalimani Aliyetaka Tusimhitaji

Habari ya kifo chake ilinikuta bandarini Wesha, asubuhi ya Alhamisi, nimesimama na wenzangu tukingoja mabati yateremshwe. Binti yake alinipigia simu. Alinisalimia kama ilivyo ada, akaniuliza hali yangu, akaniuliza na watoto mmoja mmoja, na kwa kule kuulizwa polepole nikajua kuwa lipo jambo. Kisha akasema, "Mama katangulia, mjomba. Alfajiri, kamaliza kusali." Nikasema lile tunalolisema sote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, nikamwachia jamaa yangu mabati, nikatafuta gari ya Konde. Tulimzika baada ya Adhuhuri. Alikuwa ameugua wiki mbili tu, nyumbani kwa binti yake huyo, akila kidogo na kusema kidogo, hakuteseka wala hakumtesa mtu. Wasomaji wanaoifuata safu hii wanajua kuwa si desturi yangu kuandika tanzia, na huyu ninayemwandika leo hamkupata kumsikia redioni wala kumwona akikata utepe. Alikuwa muuguzi, halafu mkalimani, halafu bibi wa wajukuu tisa. Lakini siku ya tatu, siku ya hitma, lilitokea jambo dogo ambalo limenifanya niweke kando mada niliyokuwa nimeitayarisha.

Tulikuwa tumeshasoma, tumeshaomba dua, watu wanakunywa kahawa, binti alipokuja upande wetu wa wanaume na simu mkononi. Alisema upo ujumbe wa sauti ulioletwa asubuhi ile, na wanawake wameshausikiliza, nasi tuusikilize. Ikatoka sauti ya mzee, nzito kidogo, ya mtu anayevuta pumzi kati ya neno na neno. "Wanangu, poleni sana. Nimesikia. Mama yenu ndiye alonipa ulimi. Mie kuno niliko mzee sasa, miguu haina nguvu, ningekuja nikamzika." Akasema tena poleni, basi. Shemeji wa marehemu, mtu mzima aliyekuja kutoka Unguja kwa ajili ya msiba, akageuka akaniuliza mzee yule ni wa Mkoani au wa Kengeja, maana kwa lafudhi ile hawezi kuwa wa kwingine, na mbona asichukuliwe kwa gari akaletwa. Binti akamjibu kwa adabu, "Yuko China, baba. Ni Mchina." Baraza zima likatabasamu, msibani pale, na nadhani marehemu angefurahi. Hadithi ya sauti ile ninaijua vizuri kuliko wote waliokuwapo, kwa sababu ilianza na kosa langu mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, katika hospitali moja ya kusini mwa kisiwa chetu. Mimi nilikuwa karani wa masjala, kijana niliyemaliza sekondari, ninayevaa shati jeupe kila siku na ninayejisikia. Yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, amenizidi miaka kadhaa, nikimwita dada naye akiniita mdogo wangu. Madaktari wa Kiingereza walikuwa wameondoka zamani. Baada ya Mapinduzi tulipata bendera mpya na marafiki wapya, na marafiki hao wakatuletea madaktari kutoka China, watu wapole, wachapakazi, waliokuwa wakilima mboga zao wenyewe nyuma ya nyumba waliyopewa. Shida ilikuwa moja. Sisi hatukujua Kichina na wao hawakujua Kiswahili. Walikuja na mkalimani wao aliyesomea Kiingereza kwao, na upande wetu ikatafutwa ofisini nani anajua Kiingereza, nikapatikana mimi. Mgonjwa akimwambia daktari kuwa anaumwa, maneno yake yalitoka kwake kwa Kipemba, yakapita kwangu yakawa Kiingereza, yakapita kwa yule mkalimani wa Kichina, ndipo yakamfikia daktari. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Mwingereza alikuwa amekwisha funga virago miaka mingi, lakini ndani ya chumba kile chenye meza moja na viti vinne alikuwa bado amekaa katikati yetu, na hapana aliyeweza kusema na mwenzake bila ya kumpitia yeye. Wakati ule sikuliona hilo. Niliona tu kwamba nimepata kazi ya heshima.

Siku moja asubuhi aliletwa mwanamke kutoka Kisiwa Panza. Walimvusha kwa mashua, wakamleta kwa gari ya mizigo, amejikunja, uso umemparama. Alikuwa na mama yake. Daktari akauliza, mkalimani wake akanambia, nami nikamuuliza mwanamke ana nini. Akanijibu kwa sauti ndogo, macho kayatupa chini, "Moyo wanichafuka. Na chango lanikata, hata begani kwauma." Kila Mpemba anajua maana ya maneno yale. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Chango kwa mwanamke ni maumivu ya chini ya tumbo, mambo ya uzazi. Mimi pia nilijua. Lakini Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni na cha barua za ofisi, hakikuwa na neno la kichefuchefu, na hilo la chango, kusema kweli, niliona haya. Niliona haya kulitamka mbele ya mama yake na niliona haya zaidi kukiri kwa wale Wachina kuwa lipo jambo nisilojua kulisema. Basi nikachukua neno moyo, nikachukua neno bega, chango nikaliacha. Nikasema mgonjwa anasumbuliwa na moyo na maumivu yanapanda begani. Daktari akakunja uso, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akakuta moyo unakwenda mbio, akaamuru alazwe, asitikiswe, apewe dawa, naye atarudi kumpima tena kila saa. Kwa maneno niliyompa, alifanya lililo sawa. Mimi nikarudi masjala kwangu kugonga mihuri.

Kilichofuata nilisimuliwa baadaye, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu. Dada alikwenda kumtandikia mgonjwa kitanda, akamtazama kucha na midomo, akaona weupe asioupenda. Akainama akamuuliza sikioni, mwanamke kwa mwanamke. Ndipo mgonjwa akamwambia kuwa ana miezi miwili hajaona siku zake, na kwamba jambo lenyewe lilimuanza chini ya tumbo, upande mmoja, kama amechomwa. Dada hakuja kunitafuta mimi. Alikwenda moja kwa moja chumba cha madaktari, mahali ambapo muuguzi hakuruhusiwa kuingia bila ya kuitwa, nami nikaona watu wanakimbilia huko nikakimbia nami. Nilimkuta amesimama mbele ya daktari, hana lugha hata moja ya kumwambia. Alichukua kalamu mezani, akachora kizazi cha mwanamke kama alivyofundishwa chuoni, na pembeni mwa kizazi, nje yake, akatia nukta akaizungushia duara mara tatu. Akaonesha vidole viwili kwa miezi. Akaweka mkono wake chini ya tumbo lake mwenyewe, halafu begani. Daktari hakumngoja mkalimani wake. Aliinuka akatoka mbio, na mwanamke yule akapelekwa kupasuliwa saa ile ile. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka, damu inamwagikia tumboni. Nduguze wawili waliomleta wakatoa damu. Akapona.

Jioni, baada ya mambo kutulia, dada alinifuata masjala. Nilikuwa nimeshajua kosa langu na nilitazamia atanishitaki kwa mganga mkuu. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Chango hukumwambia?" Nikamjibu kuwa sikujua kwa Kiingereza linaitwaje. Akasema, "Ungemwambia hujui, mdogo wangu. Hilo la hujui ulikuwa unalijua kwa Kiingereza." Wala hakunishitaki. Mimi mwenyewe kesho yake nilikwenda kwa daktari nikamweleza, kupitia kwa mkalimani wake, kwamba niliacha neno. Alinitazama, akaniambia kitu ambacho mkalimani alikitafsiri kuwa na yeye siku ile alikuwa na swali la kuuliza akaona haya, kwa sababu kuuliza swali moja kulichukua dakika kumi na wagonjwa walikuwa wengi nje.

Dada ndiye aliyekata shauri. Alisema ugonjwa wenyewe uko katika ile njia ndefu, na dawa yake ni kuikata. Tangu wiki ile, kila baada ya sala ya Alasiri, alimkalisha daktari kwenye baraza ya nyuma ya wodi akamfunza kusema. Mkalimani wa Kichina akaja naye, na kwa sharti la dada Kiingereza hakikuruhusiwa kukanyaga pale. Alimfunza kwa kugusa na kwa kuonesha. Kichwa, kifua, kiuno, chango. Pauma, hapaumi. Jana, juzi, tangu kuzaliwa. Mwanamke wa Kisiwa Panza, ambaye alikaa nasi wiki kadhaa akipata nguvu, akawa mwalimu wa pili, na hakuwa na huruma hata kidogo, daktari akikosea lafudhi humrudisha mpaka atamke kama wanavyotamka kwao. Wagonjwa wengine wakawa wanachungulia dirishani na kuchangia maneno, mengine siyo ya kufunzwa mgeni, na dada akiwafukuza kwa khanga. Mimi nilikaa pembeni nikitazama, na sikumbuki kuwa nimepata kuona hospitalini furaha kama ile. Ilipita miezi minane hivi. Siku moja nikaitwa kutafsiri kama kawaida, nikaingia, nikakuta daktari ameinama juu ya bibi mmoja wa Mwambe anamgusa tumbo na kumuuliza, "Pano pauma, bibi? Tangu lini?" na bibi anamjibu kana kwamba anasema na mwanawe. Nikafunga mlango taratibu nikarudi masjala. Kazi yangu ya heshima ilikuwa imekwisha, na kwa bahati nzuri nilikuwa nimeshapata akili ya kufurahi.

Daktari yule alimaliza muda wake, akaenda kwao, akaomba kurudi, akarudishwa. Mara moja walimpeleka Unguja kwenye mkutano wa wizara, akasimama kueleza hali ya hospitali za Pemba kwa Kiswahili alichofunzwa barazani, na inasemekana wakubwa waliangua kicheko mpaka mwenyekiti akagonga meza, kwa kuwa mgeni wao kutoka mbali alikuwa Mpemba mtupu, wa kusini hasa. Hakutahayari. Aliwaambia kuwa kunakosemwa hivyo ndiko alikoponesha watu.

Nilimuuliza dada, miaka hiyo, alilipata wapi lile wazo la kukata njia. Alinieleza habari za baba yake. Ukoo wao ulitoka bara. Babu yake alikuja kuchuma karafuu akaoa akabaki, na baba yake akaajiriwa tarishi katika ofisi ya mtawala wa Kiingereza, mtu wa kubeba barua na kukaa nje ya mlango. Kwa kuwa alikaa mlangoni alisikia kila kitu. Alisikia siku mkulima mmoja alipokuja kudai mikarafuu aliyoachiwa na mjomba wake. Nyinyi wasomaji wa Pemba mnajua kuwa kwetu mtu anaweza kumiliki miti na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, na wote wawili wakaishi kwa amani. Mkalimani wa ofisi, ambaye hakuwa mtu wa hapa, alipeleka neno moja tu, shamba. Mtawala akauliza hati ya ardhi iko kwa nani. Iko kwa yule mwingine. Basi miti nayo ikaandikwa ya yule mwingine, na mkulima akatoka nje akaketi karibu na tarishi, akamuuliza kwa mshangao ardhi imeingiaje katika maneno yake wakati yeye hakuitaja. Baba yake dada alikuwa akiisimulia habari ile hadi uzeeni, na kila mara akimalizia kwa kusema kuwa hakimu siku ile alikuwa mkalimani. Dada alikua nayo. Alipoliona neno chango limedondoka njiani, aliniambia, alimkumbuka yule mkulima.

Miaka ikapita, mimi nikahamishiwa wilayani, yeye akastaafu. Uuguzi ulipomwachia nafasi alijifunza Kiingereza vizuri, ukubwani, kwa kusoma na binti yake ambaye leo ni mwalimu wa lugha hiyo hiyo, na watu wa miradi wakawa wanamwita kuwatafsiria vijijini. Mkutano nitakaousimulia ulikuwa Kisiwa Panza, na mimi nilikwenda kama karani wa kuandika kumbukumbu. Maji ya chumvi yalikuwa yameanza kuingia kwenye mabonde ya mpunga, mikoko ikikatwa, na wageni kutoka nchi moja ya Ulaya ya kaskazini walikuwa tayari kusaidia kupanda mikoko na kuilinda pwani. Walimtuma mtaalamu wao, kijana mstaarabu aliyevua viatu bila ya kuambiwa alipokaribia mkeka. Mkataba wa kijiji ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, na ofisi yetu ilikuwa imeshautia Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri hadi kifungu kilichosema kuwa wanaotumia pwani, yaani wavuvi, wanawake wa mwani na wale wanaookota chaza, "watashirikishwa" kabla ya sehemu yoyote kufungwa. Dada alikuwa na karatasi zote mbili mkononi. Aliisoma ile ya Kiingereza, akamuuliza mtaalamu kwa sauti ambayo wote tuliisikia, kisha akatutafsiria swali lake mwenyewe: neno lile maana yake watakuja kutuuliza halafu waamue watakavyo, au hawataamua mpaka tukubaliane? Mtaalamu, na ninamheshimu kwa hili mpaka leo, hakujikanyaga. Alisema maana yake ni lile la kwanza. "Basi Kiswahili chake ni mtaulizwa," dada aliwaambia wanakijiji. "Kushirikishwa ni jambo jingine."

Pakawa na mzozo. Sheha, kama kiongozi wao, alitaka watu watie saini, maana mradi usipopokewa huenda ukapelekwa kwingine, na mimi nilikuwa upande wake moyoni. Akainuka mwanamke mmoja mwenye shamba la mpunga, akasema kwa uchungu kuwa chumvi imeshamlia riziki yake na hapa watu wanagombania neno. Dada hakumkaripia. Alimwambia anamfahamu, na kwamba kama ni kwa ajili ya mpunga peke yake angetia saini leo. "Lakini neno hilo ndilo litakalokwambia mwakani usishuke pwani," akasema, "na utakapouliza nani kakubali, utaoneshwa alama ya kidole chako." Kisha akageuza ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba ikitokea tofauti baina ya nakala mbili, itakayofuatwa ni ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeupiga chapa mkataba ule mwenyewe na kifungu kile nilikiona cha kawaida, kwa kuwa nimekikuta katika kila karatasi niliyopata kuishika tangu nianze kazi. Dada alimwelekea yule kijana, na maswali yake na majibu ya kijana akawa anatupa moja moja kwa Kiswahili.

"Wewe ni Mwingereza?"

"Hapana."

"Na hawa waliokaa mbele yako, yuko Mwingereza?"

Kijana alitazama mikeka yote miwili, ya wanaume na ya wanawake, kama anayehesabu kwa dhati. "Hayupo," akasema.

"Basi ni nani huyu tunayempa neno la mwisho?"

Kijana akacheka, lakini cheko la mtu aliyegundua jambo. Alisema na kwao pia, wakiandikiana mikataba na nchi nyingine, kifungu kile huwamo, na hajapata kujiuliza. Hakuwa na mamlaka ya kukifuta. Akaomba muda aende akaulize wakubwa wake. Mkutano ukavunjika bila ya saini. Sheha alitusindikiza hadi mashuani asiseme na dada, na mimi, nakiri, nilimwambia kuwa huenda ameigharimu Panza mikoko yake. Alinijibu kuwa huenda, na kwamba amekuwa na hofu hiyo tangu alipofungua mdomo. Ilipita miezi ya wasiwasi. Mwanamke wa mpunga aliacha kumwamkia. Kisha karatasi zikarudi. Lile neno lilikuwa limebadilishwa, sasa hapafungwi mahali bila ya ridhaa ya mkutano wa kijiji, na kifungu cha chini kilisema nakala zote mbili zina nguvu sawa, na watu wakikhitilafiana watakaa wasome zote mbili pamoja. Wakatia saini. Mikoko ikapandwa na wanawake wenyewe, sehemu kubwa imeshika, na mabonde mawili kati ya yale yaliyoharibika yamerudi kutoa mpunga. Mengine hayakurudi, sitaki kudanganya. Pwani ilifungwa mara moja kwa msimu mmoja ili chaza wazaliane, na kijiji kilikubali chenyewe, na mwanamke yule wa mpunga alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Nimekuwa nikiyafikiria mambo haya tangu siku ya hitma. Tukizungumza juu ya ukoloni tuna mazoea ya kuutafuta katika majengo, kwenye vigae vya ofisi za zamani na majina ya barabara, au katika mipaka iliyochorwa na watu ambao hawakupata kukanyaga hapa. Hayo yapo. Lakini mimi ninauona zaidi katika namna mataifa yanavyokutana leo. Niliwahi kupelekwa kwenye semina moja ya watu wa pwani, sisi tukiwa upande mmoja, Wangazija upande mwingine, na watu wa kaskazini ya Msumbiji upande wa tatu. Tulivishwa vyombo masikioni. Sisi tukasema Kiingereza, Wangazija Kifaransa, wa Msumbiji Kireno, na vijana walikaa ndani ya vibanda vya vioo wakitugeuzia maneno siku nzima, tukawa tunajadili samaki wale wale wanaopita mbele ya nyumba zetu sote. Saa ya chai tukavua vyombo, na mvuvi mmoja wa Msumbiji akaniomba sukari kwa lugha ya kwao, nikamwelewa. Mngazija naye akatia neno, tukamwelewa nusu, na hiyo nusu ikatosha kucheka. Tulipoitwa kurudi ukumbini tulivaa vyombo vyetu tena, kila mmoja akarudi kwa mkoloni wake. Nilipomsimulia dada alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu aliniuliza kama kuna hata mmoja aliyependekeza mkutano uendelee pale kwenye chai. Nikamwambia hapana, wala mimi.

Hakukichukia Kiingereza. Mtu aliyemsomesha bintiye lugha hiyo mpaka akaifundisha hawezi kuambiwa hivyo. Alikuwa akisema kwamba lugha ya watu ukiichukua kwa hiari ni mali, na ukiikuta imekaa mlangoni kwako haitoki, hiyo ni deni uliloachiwa. Nchi zetu zimekuwa huru, zimechagua marafiki wa mashariki na wa magharibi, zimetia saini mikataba mingi yenye nia njema, na bado mara nyingi tunakutana na rafiki kwa kupitia uani kwa yule aliyetutawala. Wala rafiki mwenyewe hana kosa. Naye amekuta njia imeshakanyagwa akaifuata. Ninaloshukuru ni kwamba nimepata kuishi karibu na mtu aliyenionesha kuwa njia ile si sheria ya Mungu, na kwamba kuiacha hakukuhitaji vita wala hotuba. Kulihitaji saa moja ya kila siku barazani, subira ya kumrudisha mgeni mpaka atamke sawasawa, na ujasiri wa kusimamisha mkutano ambao kila mtu anataka umalizike.

Tunapopokea wageni, na Pemba ya leo inapokea wengi, swali letu la kwanza limekuwa wametuletea nini. Hilo ni swali la haki, watu wana shida zao. Lakini marehemu amenifunza kuwa lipo linalotangulia, na mtu au taifa likiliuliza mapema hujiepusha na mengi: tutasema kwa lugha ya nani, na tukitofautiana, neno la mwisho ni la nani. Mwenyezi Mungu amrehemu, amlaze pema.